Lumbesa Madhabahuni

Vijana wangu mnaopandisha mizigo Kariakoo, na ninyi wengine mliosoma mkaishia kubeba mizigo ya aina nyingine, naandika haya nikiwa na hasira. Nawaambia mapema ili msidhani kalamu imeniteleza. Binti yangu alisoma mistari ya mwanzo akashtuka. "Baba, wewe si umeokoka? Mbona unafoka?" Nikamwambia kuokoka hakujanitoa macho. Ninayoyaona, nayaona.

Juzi nilipita kijiweni kwetu, upande wa mtaa wa Gerezani, kuwasalimu wenzangu waliobaki. Nikamkuta kijana mmoja, kifua kipana, mikono ya kazi, lakini macho yamezama na midomo imepasuka. Akanipa shikamoo kwa sauti ya mgonjwa.

"Marahaba. Umekula?"

"Nimefunga, mzee. Chakula na maji."

"Na belo hilo unalipandisha wewe?"

"Ndiyo, mzee. Mtumishi amesema uchovu wangu ni roho ya uvivu. Itatoka nikifunga huku nafanya kazi."

Jua la saa saba, Kariakoo, belo la mitumba mgongoni, hajanywa hata funda. Anaambiwa kuchoka ni pepo! Niliondoka pale, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Huyo kijana nitamrudia kwa chai na chapati. Ninyi wengine nawarudia kwa maneno.

Mimi nilikuwa mpagazi. Wengine hutuita makuli, na sikuwahi kugombana na mtu kwa hilo, maana jina halina uzito, gunia ndilo lenye uzito. Nilibeba tangu ndevu hazijaota mpaka magoti yaliponistaafisha. Mpagazi hapewi sherehe ya kuagwa. Siku moja unashuka ngazi, goti linakuambia imetosha, na wenzako wanakucheka mpaka jioni. Hiyo ndiyo sherehe.

Nilipoanza, mzigo ulitoka kwenye lori ukaingia mgongoni moja kwa moja. Baadaye mikokoteni ikazidi, yakaja maguta, baiskeli za mizigo za kukanyaga, na siku hizi zipo pikipiki za magurudumu matatu zinazobeba kama lori dogo. Kontena linatoka bandarini asubuhi, mchana limeshakuwa tupu. Mtu akiangalia kwa mbali atasema kazi imekuwa nyepesi. Aje aangalie kwa karibu. Magurudumu yote hayo yanaishia mlangoni, na baada ya mlango kuna ngazi. Kariakoo imekwenda juu, ghorofa juu ya ghorofa, na stoo ziko huko huko juu. Kuna jengo moja lina lifti yenye kioo na feni, na kando yake pamebandikwa tangazo kwamba mizigo ipite ngazini. Mtu anayekwenda kununua soksi anapandishwa kwa umeme. Anayezipeleka hizo soksi anapanda kwa magoti yake.

Haya, nisije nikamaliza hasira yote kwenye lifti.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Mbaruku, mtu wa Pwani, Mwislamu wa swala tano, na katikati ya swala moja na nyingine alikuwa na mdomo mkali kama pilipili kichaa. Kabla ya kubeba gunia alilipiga teke. "Lijue bwana wake ni nani," alisema. Alinifundisha kwamba mzigo hubebwa na mifupa, nyama inasindikiza tu, kwa hiyo simama wima chini yake, usijikunje kama unaomba radhi. Alinifundisha kutoa pumzi unapokanyaga ngazi na kuivuta unapopumzisha mguu. Alinifundisha kutotazama juu ngazi zinapoishia. Tazama kisigino cha mwenzako wa mbele, hicho kinatosha.

Na alinifundisha kutosalimia. Mimi nilitoka kwetu nikiwa na adabu zote ambazo mama yangu aliweza kunitia. Siku zangu za mwanzo nikiwa na gunia la unga kichwani, akapita bibi mmoja wa heshima, baibui safi, na mkoba wake mkononi. Nikainamisha kichwa: "Shikamoo, bibi." Gunia nalo likamwamkia. Lilishuka mbele yake, likapasuka, na unga ukatufunika wote wawili. Bibi wa watu akasimama pale mweupe pe, anapepesa macho, akasema kwa upole, "Marahaba, mwanangu. Lakini ungeniacha nipite tu." Mzee Mbaruku alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasimama na kuninyooshea kidole. "Ukiwa na mzigo, adabu yako ni kufika salama. Mungu mwenyewe hakudai salamu hapo."

Nilicheka wakati ule. Miaka baadaye nilikuja kuona kwamba yule mzee wa msikitini alikuwa amenihubiria vizuri kuliko wengi walioshika vipaza sauti.

Sasa nifuateni taratibu, maana hapa pana ufundi ambao bila kuuelewa hamtaelewa mengine.

Watu hudhani kazi ngumu ni kubeba. Hapana. Kazi ngumu ni kutua. Mzigo mkubwa hautuliwi na aliyeubeba. Ukijaribu kuutupa mwenyewe, unakwenda upande mmoja na uti wa mgongo unakwenda nao. Nimeona mwanaume mwenye afya yake akijitua gunia kwa kiburi, akalala mwezi mzima akitazama bati. Kwa hiyo desturi yetu ni hii. Ukifika, unaligeuzia rundo la magunia mgongo, unakunja magoti kidogo, unasimama kimya. Mwenzako anakuja nyuma yako, anakamata masikio ya gunia, zile pembe mbili za juu, anaingiza kifua chake chini ya uzito, na uzito ukishamwingia yeye ndipo anasema, "Nimepokea." Hapo ndipo unaachia. Kabla ya neno hilo, huachii. Baada ya neno hilo, hung'ang'anii.

Na kung'ang'ania ndiko kosa letu. Ninyi mnaobeba mnanielewa. Mgongo uliokaza muda mrefu hauamini kwamba umepokelewa. Mwenzako ana gunia mikononi mwake, wewe bado umelikamata kwa nguvu zote, mnavutana, na hapo ndipo watu huumizana. Mzee Mbaruku alikuwa akiwafokea wageni: "Limeshapokelewa! Unang'ang'ania nini, unataka kulioa?"

Joeli hakuhitaji kufokewa. Joeli alikuwa rafiki yangu, tulianza pamoja, na kati yetu sote yeye ndiye aliyekuwa fundi. Alibeba kama mtu anayecheza ngoma. Alikuwa na maneno pia. Akipanda na belo anaulizwa na muuza duka, "Joeli, zito?" anajibu, "Kama mkwe wako." Alikuwa na mke, Mama Upendo, anayeuza maandazi Buguruni, na chumba chao hakikukosa kicheko.

Siku moja aliteleza ngazini akiwa na belo la mitumba. Kuna mtu alimwaga maji ya kuoshea sakafu akaondoka zake. Joeli hakuanguka chini, ingekuwa afadhali. Alijikaza asianguke juu ya waliokuwa nyuma yake, akajipinda, na kitu ndani ya kiuno kikakatika. Nilikuwa nyuma yake. Nilikisikia.

Daktari alimpa mkanda wa mgongo na mazoezi ya kufanya kitandani, akamwambia maneno mafupi. Usibebe tena. Ukibeba, kinachofuata ni miguu. Kwa hiyo elewa, kijana wangu, kilichokuwa mezani ni miguu ya Joeli. Kwamba ataweza kwenda chooni mwenyewe au atabebwa.

Mama Upendo ndiye aliyempeleka kwa Mtumishi wao, mhubiri wa uponyaji. Walikuwa wakisali kwenye ukumbi wa mabati, huko huko maeneo ya nyumbani kwao. Sitautaja, na hata ningeutaja isingesaidia, kwa kuwa kuna mwingine mtaa wa pili. Nataka niwe mwadilifu hata kwa mtu ninayemchukia. Siku ya kwanza Mtumishi alimfanyia Joeli jambo jema. Alimshika mkono, akamwita kwa jina lake, akalia naye. Joeli alirudi nyumbani akalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu aumie. Angeishia hapo, leo ningekuwa namwandikia shukrani.

Hakuishia hapo. Wiki iliyofuata Joeli aliambiwa afunge. Akafunga. Kisha akeshe kwenye maombi, yeye ambaye kukaa kwenye kiti cha plastiki kulikuwa adhabu. Akakesha. Kisha atafute dhambi iliyomwangusha ngazini. Akatafuta, maskini, akakumbuka mpaka embe alizoiba utotoni. Kisha dhambi za babu zake.

Sokoni kwetu tunalo neno la jambo hili. Gunia likishajaa mpaka mdomoni, mwenye mali mchoyo haridhiki. Anarundika tena juu ya mdomo, anafunika kwa wavu, anashona kwa kamba, gunia linaota kichwa cha pili. Hiyo ndiyo lumbesa. Imekatazwa, kila mtu anajua imekatazwa, na kila siku kuna mtu anaibeba. Basi nilichokiona kwa Joeli kilikuwa imani ya lumbesa. Mtu amekuja kwako amejaa mpaka mdomoni, na wewe unatafuta sindano na kamba!

Mwishowe Mtumishi akamfuata hata kwenye mkanda wa daktari. "Kama unaamini umepona," akamwambia, "huo mkanda unamfungia nani?"

Joeli akanifuata kijiweni. Alitembea kwa hatua ndogo, mkanda hana.

"Zaka," akaniita jina langu, "Jumapili nataka unitwike."

"Nikutwike nini?"

"Gunia. Kanisani, mbele ya watu. Nitoe ushuhuda."

Nikacheka, nikidhani ni utani wake wa kawaida. Hakucheka.

"Na daktari?"

"Daktari kasema ya daktari. Mtumishi anasema nikibeba ndipo nitapona. Nisipobeba, basi mimi ndiye niliyemzuia Mungu." Akatazama chini. "Zaka, nikitwikwa na wale vijana wa kwaya wataniua. Wewe unaujua mgongo wangu."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia nitakuja, bila kujua nitakuja kufanya nini. Nikaenda kwa Mzee Mbaruku, ambaye wakati huo alikuwa mzee kabisa, amekaa barazani kwa mwanawe. Nikamweleza yote.

"Mimi dini yenu siwezi kuisemea," akasema. "Lakini kutua nakujua. Nenda. Usimtwike. Simama nyuma yake."

Jumapili nikaenda. Ukumbi umejaa, feni zinazunguka, spika zinapasua masikio. Na mbele, chini ya madhabahu, juu ya zulia jekundu, palikuwa na gunia la viazi. Nikalitazama nisiamini macho yangu. Lilikuwa na kichwa cha pili, kimeshonwa kwa kamba ya bluu. Waliagiza lumbesa, vijana wangu. Waliona gunia la kawaida halitoshi kumtukuza Mungu.

Mtumishi akaniita mbele kwa kipaza sauti, rafiki wa ndugu yetu, mpagazi mwenzake, njoo umtwike. Nikapanda. Nikasema, "Simtwiki. Huyu ni mgonjwa."

Ukumbi ukaguna. Mtumishi akatabasamu, alikuwa na tabasamu zuri kweli. "Mnaona? Adui haji na mapembe. Anakuja na sura ya rafiki." Watu wakacheka na kupiga makofi. Wakaja wanaume wanne wakalinyanyua gunia wakamwekea Joeli mgongoni.

Akasimama nalo. Niseme kweli, alisimama vizuri. Ufundi hauozi. Ukumbi ulilipuka, kina mama wakapiga vigelegele, na Mama Upendo mstari wa mbele alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

"Tembea!" akasema Mtumishi.

Joeli akapiga hatua moja. Wao walikuwa wakitazama uso wake. Mimi nilikuwa natazama visigino. Mpagazi akikaribia kuvunjika, uso unaweza kudanganya lakini kisigino hakiwezi. Kinaanza kuitafuta ardhi kama kipofu anayetafuta mlango. Kisigino cha kushoto cha Joeli kilikuwa kinaitafuta ardhi.

Nikazunguka nyuma yake. Nikakamata masikio ya gunia, nikaingiza kifua.

"Joeli. Nimepokea."

"Toka, Zaka." Aliongea bila kugeuka, kupitia meno.

"Nimepokea. Achia."

"Nikiachia, nimekwisha."

"Usipoachia ndiyo umekwisha. Achia."

"Tembea, mwana wa Mungu!" akapaza Mtumishi. Na Mama Upendo, Mungu amsamehe, alikuwa akipiga kelele, "Tembea, Baba Upendo! Tembea!"

Nilikuwa nausikia mgongo wake kupitia viazi vile. Ulikuwa unatetemeka kama waya. Nikaweka mdomo karibu na sikio lake, nikasema polepole, kama tulivyosemezana kila siku ya kazi miaka yote ile, "Ninalo mimi. Lote ninalo. Huna kitu mgongoni, ndugu yangu."

Akaachia.

Nikashuka na lile gunia mpaka likakaa kwenye zulia kama mgeni rasmi. Goti langu la kulia halijawa sawa tangu siku hiyo. Ukumbini zikaanza sauti. Sitaziandika. Vijana wawili wenye fulana za usalama walitusindikiza nje tukiwa tumeshikana, na nyuma yetu Mtumishi alikuwa ameshaanza kueleza jinsi imani ya mtu mmoja inavyoweza kuuawa na ulimi wa mwingine.

Joeli akakaa kwenye kizingiti cha duka lililofungwa. Mama Upendo akatufuata mbio, khanga imemvuka begani.

"Umefurahi?" akaniuliza. "Umefurahi, shemeji? Umemnyang'anya muujiza wake mdomoni!"

Nilikuwa nahema.

"Hata Bwana wetu alibeba msalaba mpaka mwisho," akasema.

Nikajibu, na sijui hilo jibu lilitoka wapi, maana nilikuwa na hasira ya kupasua ukuta. "Hapana, shemeji. Ulimzidi njiani. Wakamkamata mtu aliyekuwa anatoka shamba, akaubeba nyuma yake. Hata yeye alipokelewa. Na hakuna mahali alipoomba radhi kwa hilo."

Akaifunga khanga yake upya, taratibu sana, kama mtu anayefikiri kwa vidole.

Joeli ndiye aliyezungumza. "Nimechoka," akasema. "Si mgongo. Nimechoka kumthibitishia Mungu."

Tukampandisha bajaji akarudi nyumbani. Miguu ilibaki. Kanisa hakutaka kulisikia tena.

Sasa niwaambie habari yangu, maana mtadhani nilitoka pale mshindi. Nilitoka pale nikiwa mgonjwa wa hasira. Yule Mtumishi nilimbeba. Nikipanda ngazi na gunia, yeye yuko juu ya gunia. Nikila, namjibu. Nikiswaki, namshinda kwa hoja mbele ya umati. Wenzangu walianza kuniuliza naongea na nani. Kwenda kusali nilikwenda, lakini hata sala ilikuwa ni kumfikishia Mungu mashtaka, kumkumbusha kwamba bado hajachukua hatua.

Kuna kanisa dogo upande huo wa Gerezani, limebanwa na maduka ya vipuri, mlango wake mchana huwa wazi. Siku moja ya joto kali, kati ya lori moja na jingine, niliingia kutafuta kivuli. Sikuwa na jambo la kiroho, nilitaka ubao wa kukalia. Hakukuwa na mtu. Nikakaa, nikaanza mashtaka yangu ya kila siku, na katikati nikaishiwa maneno. Nikasema kwa sauti, "Sina nguvu tena za kumchukia huyu mtu. Mchukue wewe. Utajua la kumfanya." Hiyo ndiyo sala. Haina uzuri wowote. Kisha nikalala usingizi palepale, mdomo wazi.

Niliamshwa na sauti ya fagio. Mama mmoja mtu mzima, Bi Roda, ndiye aliyekuwa akilitunza kanisa. Nikakurupuka.

"Samahani, mama. Nimelala kanisani."

"Wengine wanalala wakati wa mahubiri," akasema. "Wewe angalau umesubiri watu waondoke."

"Nitoke ufagie?"

"Lala, baba. Naanzia upande ule."

Akaanzia upande ule. Nami nikajilaza tena, mtu mzima, vumbi la mabelo mwilini, ndani ya nyumba ya Mungu, na hakuna aliyeniomba kitu. Hakuniuliza natoka dhehebu gani. Hakunipa wiki za mfungo wala mkesha. Nilisikia fagio likienda na kurudi, na ndani yangu kitu kilichokaza tangu siku ile ukumbini kikaanza kulegea, polepole, kama shingo baada ya mzigo.

Nieleweni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Hasira haikuondoka. Nawaandikia nikiwa nayo. Kilichoondoka ni ile kazi ya kuwa hakimu wa dunia nzima, ambayo hakuna aliyenipa. Hasira bado ninayo, lakini naishika mkononi kama chombo. Zamani ilinikaa shingoni. Hiyo ndiyo tofauti, na siwezi kuwaeleza ukubwa wake. Yesu aliwaita waliochoka na wenye mizigo waende kwake wapumzike. Nimesikia maneno hayo tangu utoto, nikayaimba, nikayaona yameandikwa nyuma ya malori. Sikuwahi kuona kwamba hayana sharti. Hakusema njooni mnionyeshe mnavyobeba. Amesimama nyuma yako. Ameshakamata masikio. Ameshasema amepokea, na sisi tumekaza, tunavutana naye, halafu tunaita kuvutana huko imani.

Kwa hiyo, kijana, kama umechoka, umechoka. Si pepo. Kula, kunywa maji, lala. Mtu akikuambia Mungu anakutaka uongeze kichwa cha pili juu ya gunia lako, muulize yeye amebeba nini leo. Na kama ni mgonjwa unatumia dawa, meza dawa yako huku unasali. Mungu haoni wivu kwa kidonge.

Nikaanza kusali kwenye lile kanisa, nikamwambia Joeli habari zake. Akakataa. "Nikiona madhabahu, kiuno kinauma," akasema, na safari hii haikuwa utani. Sikumsukuma. Nilikuwa nakwenda kwake Jumapili mchana, tunakunywa chai, tunawasengenya wenye maduka. Muda ukapita hivyo, mwingi. Mgongo haukupona. Alijifunza kutembea na fimbo, akawa anakaa na mkewe kwenye maandazi, anapanga foleni ya wateja kwa maneno yake.

Aliyeuliza ni Mama Upendo. Alikuwa anakanda unga, hakunitazama.

"Shemeji, huko kwenu wanapokea mtu aliyekaa?"

"Aliyekaa vipi?"

"Hawezi kusimama wakati wa nyimbo. Kupiga magoti ndiyo kabisa. Sitaki aitwe mbele tena." Akaukandamiza unga kwa nguvu. "Sitaki mtu yeyote amwambie asimame."

"Twende tukaone," nikasema.

Tulikaa benchi la nyuma, Joeli katikati yetu. Watu waliimba wamesimama, yeye akakaa, ameinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyechelewa. Ilikuwa Jumapili ya meza ya Bwana. Mistari ikaanza kwenda mbele, mmoja baada ya mwingine, watu wanapiga magoti, wanapokea mkate, wanarudi. Nilimwona Joeli akiwahesabu waliobaki. Mstari wetu ulipofika, akakamata benchi la mbele kwa mikono miwili na kuanza kujivuta juu. Jasho lilimtoka usoni. Mama Upendo alikuwa akimvuta shati, "Baba Upendo, acha, acha jamani," na yeye hasikii.

Mchungaji alikuwa kijana, umri wa kuzaliwa na sisi. Alikuwa mbele kabisa na sahani ya mkate mkononi. Akaona. Hakutumia kipaza sauti.

"Keti, mzee wangu," akasema. "Nakuja."

Akashuka. Akapita katikati ya watu mpaka benchi la nyuma, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa Joeli. Joeli akafungua viganja, vile viganja vyake vigumu kama ngozi ya viatu, na mkate ukawekwa humo.

Alitafuna polepole sana. Ibada ikaisha, watu wakatoka, kelele za Gerezani zikaingia kupitia mlangoni, honi, nyundo, mtu anatangaza bei ya betri. Nikamgusa bega.

"Twende?"

"Bado," akasema. Mgongo wake ulikuwa umeegemea benchi, mzima mzima, kama sijawahi kuuona. "Acha kwanza nikae."

Tukakaa.